Kifua cha Kukhu: Historia Ambayo Hatuongeleshwi

Sawa, leo tunaongea matiti. Wavulana msitoroke, wasichana msifunike uso. Najua vile hii mada huenda kwa simu zetu: mtu anaweka picha mbili, anauliza "kubwa ama ndogo?", na kabla ya saa kuisha maoni ni mamia, nusu yake matusi. Mimi nina swali lingine ambalo sijaona mtu akiuliza. Hayo matiti, makubwa ama madogo, yanamfanyia nini mwenyewe akifika miaka 60?

Nimelelewa Lugulu, kando ya barabara ya Webuye kwenda Kitale, na huko nyanya tunamwita kukhu. Ukiwaangalia wakina kukhu wakitoka sokoni utaona kitu: mkono mmoja kiunoni, mabega yameinama mbele, na kila wakisimama kupumzika wanavuta mkanda wa sidiria juu. Ukiwauliza wanasema ni uzee. Uzee upo, sikatai. Lakini kuna kitu kingine hapo, na kina historia.

Hoja yangu ni hii. Kwa zaidi ya miaka mia moja, kifua cha mwanamke huku kwetu kimepimwa na macho ya watu wengine. Alianza mmishonari, akafuata muuza nguo, na sai ni simu. Mwenyewe alifundishwa kazi moja tu, kukificha. Na bili ya kuficha haiji ukiwa na miaka 19. Inakuja uzeeni, ikiwa na riba.

Kabla ya blausi

Rudi nyuma kidogo. Mwaka 1895 Wabukusu walipigana na Waingereza pale Chetambe, si mbali na Lugulu. Wanawake wa sehemu hizi wakati huo walivaa ngozi na shanga, na kifua kilikuwa wazi. Hakuna mtu aligeuka kutazama, kwa sababu hakukuwa na cha kushangaza. Titi lilikuwa na kazi yake na kila mtu aliijua. Hata lugha inaonyesha. Kwa Kibukusu titi ni libeele na maziwa ni kamabeele. Kwa Kiswahili ni vile vile: ziwa la mama, maziwa ya mtoto. Wazee waliounda haya maneno walipoangalia kifua waliona chakula.

Mwaka 1902 Waquaker watatu kutoka Marekani, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, wakafungua misheni Kaimosi. Baadaye kazi yao ikafika Lugulu, ambako Jefferson Ford na mkewe Helen waliishi miaka mingi. Ndiyo maana hadi leo Lugulu ni kanisa la Friends, hospitali ya misheni na shule ya wasichana, vyote karibu karibu. Sitaki kudanganya mtu hapa: hiyo hospitali na hiyo shule zimebeba watu wetu wengi. Wasichana wa kijiji walijifunza kusoma kwa sababu ya misheni.

Lakini pamoja na kitabu ilikuja nguo. Msomaji alijulikana kwa vile alivyovaa. Wanawake wakafundishwa kushona, na gauni likawa cheti cha kwamba umetoka gizani. Polepole kifua kikahama. Kilitoka upande wa chakula kikawekwa upande wa dhambi, na kitu kikishakuwa dhambi, huwezi kukiongelea mezani. Huwezi kumwambia mwanao kinauma. Huwezi kumwonyesha daktari bila kutaka ardhi ipasuke.

Na msinielewe vibaya. Sisemi tuvue nguo turudi 1895. Maisha ya wakati huo yalikuwa magumu, mama alilima, akateka maji, akazaa bila nesi, na mgongo wake haukuhurumiwa na mtu. Ninachosema ni kwamba aibu yenyewe ina tarehe ya kuzaliwa. Kitu chenye tarehe ya kuzaliwa kinaweza pia kuzeeka na kufa.

Wakati kifua cha mama kilisimamisha polisi

Kuna upande wa historia yetu ambao TikTok haijui. Katika jamii nyingi za Kenya, mama mzee akikuonyesha uchi wake kwa hasira, hiyo ni laana. Mwili uliokuzaa na kukunyonyesha ukigeuka kukushtaki, huna pa kukimbilia. Kumbe titi lililoanguka, lile tunalolichekelea kwa memu, lilikuwa silaha ya mwisho ya mtu asiye na bunduki.

Machi 16, 1922, watu walikusanyika Nairobi kudai Harry Thuku aachiliwe. Wanaume walipoanza kutawanyika, Mary Muthoni Nyanjiru aliinua nguo yake juu na kuwaambia wampe suruali zao, wao wachukue gauni lake. Umati ukarudi. Polisi wakapiga risasi, na Nyanjiru akawa kati ya waliokufa. Serikali yenyewe ilihesabu maiti 21.

Miaka 70 baadaye, Machi 3, 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikuwa wamegoma kula pale Uhuru Park, pamoja na Wangari Maathai. Polisi wakaja na rungu na gesi ya machozi. Baadhi ya wale akina mama wakavua nguo na kuonyesha matiti yao. Hawa hawakuwa wasichana. Walikuwa wanawake wazee, vifua vyao vimenyonyesha na kulala. Wako maafisa waliogeuza uso. Wangari alipigwa hadi akapoteza fahamu, lakini mwaka uliofuata wafungwa wengi walikuwa wameachiliwa.

Fikiria hiyo kitu kidogo. Kifua cha mwanamke mzee kiliwahi kugeuza uso wa polisi wenye rungu. Sai mwanamke huyo huyo anaona haya kukionyesha kwa nesi.

Herufi nne kutoka Marekani

Sasa saizi. Tunaongea A, B, C, D kama amri kumi za Mungu, lakini zina umri mdogo kuliko watu fulani kijijini kwetu. Mwaka 1914 mwanamke wa Marekani, Mary Phelps Jacob, alipewa hakimiliki ya sidiria aliyoshona kwa leso mbili za hariri na utepe. Nia yake ilikuwa rahisi: alikuwa amechoka na koseti, lile vazi gumu la kubana mbavu. Mwaka 1932 kampuni ya S.H. Camp, huko huko Marekani, ikaanza kutumia herufi A hadi D kuelezea vikombe. Kabla ya hapo hakuna binti duniani aliyewahi kulia kwa sababu yeye ni "A".

Herufi zikasafiri. Huku kwetu zilifika kwa meli, kisha kwa lori, kisha kwa mabelo ya mitumba. Ukienda soko lolote kutoka Webuye hadi Kitale utakuta rundo la sidiria kwenye turubai. Mtu anachagua kwa macho, anashikilia juu ya blausi, analipa, anaenda. Hakuna chumba cha kujaribia, hakuna kipimo cha utepe. Lebo imefutika kwa kufuliwa na mwanamke wa nchi nyingine. Kama mkanda unakata bega, utazoea. Kama waya unachoma mbavu, utautoa na kisu cha jikoni. Kukhu wangu alifanya hivyo na kila sidiria aliyowahi kuwa nayo. Waya alitoa, lakini ile sehemu ya kuweka pesa ya chama hakuigusa. Benki ni benki.

Tunacheka, lakini angalia mabega ya huyo bibi. Yana mifereji miwili, kila upande mmoja, mahali mkanda umekaa miaka 40. Hiyo ni ngozi na misuli iliyokubali mzigo kwa sababu hakuna mtu aliyeuliza.

Mzigo ambao huwezi kuweka chini

Hapa ndipo saizi ina maana ya kweli kiafya, na ndipo tunanyamaza zaidi. Matiti makubwa sana yanaweza kufika kilo moja kila upande, na zaidi. Mtungi wa maji ukifika nyumbani unautua. Huu hutui. Uzito unavuta mbele, shingo inavuta nyuma kuzuia, na misuli ya mgongo wa juu inafanya kazi kutoka asubuhi hadi ulale. Kwa miaka mingi hiyo inakuwa maumivu ya shingo, mabega na mgongo, na wengine hupata kichwa kuuma na vidole kufa ganzi.

Sasa ongeza maisha ya Lugulu juu yake. Huyu mama amelima mahindi ameinama, amebeba kuni, amebeba maji kichwani, amebeba watoto mgongoni. Akifika miaka 50 hedhi inakatika, homoni zinashuka, na titi lenyewe linabadilika: zile tezi za maziwa zinapungua na mafuta yanachukua nafasi. Kwa wengi titi linalegea zaidi, na mwili ukinenepa nalo linaongezeka. Wakati huo huo mifupa inaanza kupoteza nguvu. Kwa hivyo mzigo unaweza kuongezeka wakati mbebaji anazeeka. Hiyo hesabu haihitaji profesa.

Halafu kuna ngozi. Pale chini ya titi, joto na jasho vikikaa pamoja, ngozi inachubuka, inakuwa nyekundu ama nyeusi, inawasha, na fangasi wanapata nyumba. Mama mwenye kisukari anapata shida hiyo zaidi. Ni ugonjwa mdogo ambao dawa yake ipo: osha, kausha vizuri, weka kitambaa safi cha pamba, na kama haiishi, kliniki watakupa dawa ya fangasi ya kupaka. Lakini wanawake wanakaa nao miaka, wanapaka poda na kunyamaza, kwa sababu kusema "nina vidonda chini ya matiti" mbele ya daktari kijana ni kama kukiri wizi.

Na kuna kitu cha tatu, kile kinachonikera mimi zaidi: mwendo. Sisi ni watu wa nchi ya wakimbiaji. Kutoka Kitale hadi Eldoret kila asubuhi barabara ina watu wanakimbia. Lakini msichana mwenye kifua kikubwa huacha riadha karibu kidato cha pili. Kukimbia kunauma, na wavulana wanapiga mbinja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, waliwauliza wanawake waliokimbia London Marathon mwaka 2012, na karibu theluthi moja walisema hupata maumivu ya matiti. Hao ni wanariadha wenye sidiria nzuri! Wa Chuo Kikuu cha Wollongong, Australia, nao wameona kwamba wanawake wenye matiti makubwa hufanya mazoezi makali kidogo kuliko wenzao.

Usione hiyo ni kitu kidogo. Msichana anayeacha kukimbia akiwa na miaka 15 anaweza kukaa hivyo hadi 50, na mwili usiotembezwa hulipa kwa presha, kisukari, uzito na mifupa. Saizi ya titi haikumletea kisukari. Lakini saizi, pamoja na mbinja za vijana na kukosa sidiria ya maana, vilimtoa uwanjani. Hiyo ndiyo njia halisi ambayo kifua cha leo kinaingia kwenye uzee wa kesho.

Na ukitaka kujua vile dunia imechelewa kufikiria mambo haya: sidiria ya kwanza ya michezo ilishonwa mwaka 1977, Vermont, Marekani. Lisa Lindahl, Polly Smith na Hinda Miller walichukua zile chupi za kushikilia sehemu za siri za wanariadha wanaume, mbili, wakaziunganisha. Wanaume walikuwa na zao tangu karne ya 19. Binadamu alitembea mwezini 1969, halafu ndio akakumbuka wanawake pia hukimbia.

Saratani haisomi lebo

Sasa hofu kubwa. Mtu mwenye matiti makubwa anaambiwa atapata saratani. Mwenye madogo anajiambia yeye yuko salama. Wote wawili wamedanganywa.

Watafiti wamejaribu kuunganisha saizi na saratani na majibu yao hayajawahi kukaa mstari mmoja. Kinachojulikana vizuri ni hivi: hatari hupanda na umri, na historia ya familia, na pombe, na uzito mkubwa wa mwili baada ya hedhi kukatika, kwa sababu mafuta ya mwili hutengeneza estrojeni. Kunyonyesha kunapunguza hatari. Kuna pia msongamano wa tishu ndani ya titi. Mwaka 1976 daktari John Wolfe wa Marekani aliandika kwamba wanawake ambao picha zao zinaonyesha tishu nzito wako kwenye hatari zaidi. Huo msongamano hauonekani kwa macho na hausikiki kwa mkono. Titi dogo linaweza kuwa nao, kubwa likakosa. Hata wanaume hupata saratani ya titi, karibu mmoja kati ya kila wagonjwa mia.

Hii elimu haikuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 1713 daktari Mwitaliano, Bernardino Ramazzini, aliandika kwamba masista wa kanisa walikuwa na saratani ya titi sana. Mwaka 1926 Janet Lane-Claypon, daktari Mwingereza, alichukua wanawake 500 wagonjwa na 500 wasio wagonjwa, akawauliza maswali yale yale kuhusu ndoa, uzazi na kunyonyesha. Ilikuwa kazi ya uvumilivu, na hadi leo wanasayansi wanafuata njia ile. Akaona kwamba waliochelewa kuolewa, waliozaa wachache na walionyonyesha kidogo walikuwa wengi zaidi upande wa wagonjwa. Ndiyo hiyo: mwanamke aliyeuliza wanawake wenzake maswali ya heshima alijifunza mengi kuliko karne nzima ya watu waliotazama tu.

Na vile visa vya sidiria? Eti ukilala nayo unapata saratani, eti nyeusi ni mbaya? Hiyo stori ilipata nguvu kutoka kitabu kimoja cha Marekani cha 1995. Mwaka 2014 watafiti wa Seattle walilinganisha wanawake zaidi ya 1,500, wagonjwa na wasio wagonjwa. Hawakuona uhusiano wowote, iwe ni saa unazovaa, waya ama saizi ya kikombe. Kwa hivyo mwache kukhu na sidiria yake. Shida yake ni mkanda unaomkata.

Kwa nini tunachelewa

Mwaka 2020 makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani yaliweka Kenya kwenye wagonjwa wapya 6,799 wa saratani ya matiti, na vifo 3,107. Ndiyo saratani inayopata watu wengi zaidi nchini. Na kuna kitu cha kuwashtua nyinyi wa miaka 20: huku Afrika wanawake wengi hupata wakiwa chini ya miaka 50, mapema kuliko Ulaya. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa huwa hai miaka mitano baadaye. Afrika Kusini ni asilimia 40. Sehemu kubwa ya hiyo tofauti ni kuchelewa. Kwetu wengi hufika hospitalini ugonjwa ukiwa hatua ya tatu ama ya nne.

Kuchelewa kunatoka wapi? Pesa, ndio. Umbali, ndio. Kutoka Lugulu mtu anapanda matatu hadi Webuye, kisha nyingine hadi Eldoret kwenye Hospitali ya Rufaa ya Moi, halafu anarudi wiki ijayo kuchukua majibu. Hiyo ni nauli ya kuuza kuku kadhaa. Serikali ina kazi hapo na haijaimaliza, na sitaki mtu yeyote atumie neno "aibu" kuificha.

Lakini aibu nayo ipo. Mama anasikia uvimbe wakati wa kuoga. Hauumi, kwa hivyo anauacha, na hajui kwamba uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi mwanzoni. Hamwambii mume, atafikiri nini? Hawaambii watoto, watapata wasiwasi. Anamwambia Mungu na mti shamba. Miezi minane inapita. Na hofu kubwa kuliko zote ni ile ya kisu: "watanikata titi."

Hiyo hofu pia ina historia. Kuanzia 1882 daktari William Halsted wa Marekani alifanya upasuaji wa kutoa titi lote pamoja na misuli ya kifua na tezi za kwapa. Madaktari wa dunia wakamfuata karibu miaka mia, wakiamini kwamba ukikata zaidi unaponya zaidi. Wanawake walibaki na mkono uliovimba na kifua kilichobonyea. Halafu Bernard Fisher akafanya majaribio makubwa, na mwaka 1985 akaonyesha kwamba kwa saratani iliyogunduliwa mapema, kutoa uvimbe peke yake na kuongeza mionzi kunaokoa maisha sawa na kutoa titi zima. Hata madaktari, mnaona, walikuwa wamedanganywa na ukubwa. Ukija mapema, mara nyingi unaondoka na titi lako. Anayekimbia kisu kwa kuchelewa ndiye huishia kwa kisu kikubwa.

Aibu ikivunjwa, vitu hubadilika haraka. Septemba 1974 Betty Ford, mke wa rais wa Marekani, alitolewa titi na akaamua kusema wazi, wakati magazeti yalikuwa hata hayapendi kuandika neno lenyewe. Wanawake wakafurika kliniki kupimwa. Mtu mmoja tu alitaja neno kwa sauti, na foleni zikajaa.

Basi tufanyeje

Mimi si daktari, mimi ni kijana mwenye simu na bando. Lakini hii ndiyo ninayoomba.

Wasichana, saizi yako si alama ya mtihani. Titi dogo linatoa maziwa ya kutosha mtoto sawa na kubwa, kwa sababu kinachotengeneza maziwa ni tezi, na saizi kwa kawaida ni mafuta. Kabla ununue krimu ya kukuza ama ya kupunguza kutoka kwa mtu asiye na jina mtandaoni, jua kwamba hata ile ya kweli, upasuaji, ni kazi ya daktari mwenye leseni, na ya kupunguza ni matibabu halali kwa mwanamke ambaye mgongo unamuua. Huyo siyo mwenye maringo. Nunua sidiria moja inayokushika vizuri kabla ya nguo tatu za kutoka. Mkanda wa kuzunguka mgongo ndio unafaa kubeba uzito, mabega yasaidie tu. Na usiache kukimbia.

Wavulana, mbinja zenu zina bei, na analipa mtu mwingine. Mkiona dem anakimbia, kimbieni pia ama mpishe.

Wote, jueni mwili wenu vile ulivyo kawaida, ili mjue ukibadilika. Uvimbe mpya titini ama kwapani, ngozi inayobonyea kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani ghafla, damu ama majimaji yanayotoka: usingoje kuumwa. Nenda kituo cha afya, muuguzi ama daktari anaweza kukukagua kwa mkono. Kuanzia miaka 40 mwongozo wa Kenya unashauri mammogramu, hata kama husikii chochote.

Na mwishowe, kukhu. Wengi wenu mna mmoja kijijini. Mnamtumia pesa ya sukari na mnaweka picha yake Sikukuu ya Mama. Jumapili hii msichana amuulize, kwa heshima, wakiwa wawili tu jikoni: Kukhu, mgongo unauma wapi? Chini ya matiti kunawasha? Kuna uvimbe wowote? Atashtuka. Anaweza kukukemea, ama akacheka. Ngoja. Miaka yote hiyo watu wametazama kifua chake, wakakipima, wakakiamulia nguo na jina, na huenda hakuna hata mmoja aliyemuuliza kama kinauma.